Kufukiza Taa ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Siku ya ishirini na mbili bila mke wangu Generoza. Nimekula mkate na chai. Kikombe nimeosha mwenyewe. Naliandika hili ili siku moja lisomwe mbele ya wazee.

Baba mkwe amepiga simu asubuhi kutoka Mwanhuzi. Nilisimama kwanza ndipo nikapokea. Mzee Ngeleja haongei na mkwilima, mume wa bintiye, aliyekaa, na sauti ya mtu aliyekaa anaijua hata kwenye simu. Nikamsalimu mwangaluka, akaitikia, tukaulizana habari za afya, za ng'ombe, za pamba. Kisha akaingia kwenye jambo lenyewe. Jumapili wanakuja Bariadi. Yeye, mama mkwe, Generoza na mtoto wetu Precious. Akikuta nyumba imetulia na mwanamume ametulia ndani yake, atamwacha binti yake hapa. Akikuta miujiza, atarudi naye siku hiyo hiyo, na safari nyingine tutaonana kwenye kikao cha kurudisha ng'ombe wa mahari.

Miujiza ni neno lake. Anamaanisha yale mayai. Yalikuwa mayai sitini ya jumuiya, niliahidi kuyatotolesha kwa pasi ya umeme, nayo yakaiva. Jumuiya nzima iliyala na chumvi. Hilo halisemwi na mtu.

Nikamwambia baba, hakuna tena miujiza. Akashukuru. Akasema basi, kwa kuwa mimi ni fundi wa taa, kuna jambo dogo. Taa ya pikipiki yake haioni. Lile bakuli la ndani, la kung'aa, limebabuka, na sikukuu ya Pasaka alitoka mnadani gizani akamparamia ndama. Je, naweza kulisaidia?

Hapo mtu mwenye akili anasema: baba, nitakununulia jingine. Mdomo wangu ukasema nitalifanya ling'ae kama siku lilipotoka kiwandani, kwa teknolojia. Akauliza teknolojia gani. Nikasema ya kisasa. Akasema atalituma kwa basi, na Jumapili atakuja na pikipiki mchana, alifunge hapa hapa. Taa nayo akaiweka kwenye kesi. Nyumba imetulia na taa inawaka, binti anabaki. Kimoja kikikosekana, anaondoka.

Nina siku sita na sijui ni teknolojia gani. Lakini simu imeisha vizuri. Nimekaa chini, magoti yamepumzika.

Jumanne, 4 Juni

Bakuli limefika na basi la saa nne, limefungwa kwenye gunia la mbolea. Ni la pikipiki ya zamani sana. Ndani limebaki na madoa ya fedha hapa na pale, mengine yote ni bati la kijivu. Nililigeuza nikaona pua yangu nusu.

Limbu aliliona. Limbu ana duka la vipuri ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda changu, na macho yake hayana kazi nyingine. Akavuka. Akasema analo bakuli kama hilo hilo, jipya, moja tu limebaki, hakuna jingine Simiyu nzima. Alilisema kwa upole, na upole wa Limbu una harufu. Wateja wangu wawili walikuwepo. Nikamjibu kwa sauti kwamba mimi sinunui mabati ya dukani, mimi natengeneza. Akasema sawa fundi Masalu. Akarudi kukaa.

Mchana bahati ikanijia. Mwalimu Felisita, anayefundisha fizikia sekondari, alileta tochi yake. Alikuwa anakula bisikuti. Pakiti yake ndani inang'aa fedha tupu. Nikamuuliza wanaipakaje. Mwalimu akiulizwa swali hufurahi kama ng'ombe aliyeona chumvi. Akasema haipakwi, inafukizwa. Wanaweka plastiki ndani ya chombo, wanatoa hewa yote, panabaki ombwe. Humo ndani wanachoma alumini hadi inageuka mvuke. Mvuke unaruka, ukigusa kitu cha baridi unaganda juu yake, utando mwembamba kuliko unywele mara elfu. Hata mabakuli ya taa hufanywa hivyo hivyo, akasema.

Nilishika meza. Akaendelea kuhusu hewa, kwamba lazima itoke kweli kweli, kwamba ikibaki hata kidogo sijui chembe zinagongana sijui zinafanyaje. Sehemu hiyo sikuisikiliza sana, nilikuwa tayari nafikiria chombo.

Chombo kipo. Sufuria ya presha ya Generoza. Chuma kinene, mfuniko wa kukaza, mpira pembeni. Kama imeumbwa kwa kazi hiyo! Tochi ya mwalimu nimeitengeneza bure.

Leo nalala nimetulia. Teknolojia ninayo.

Jumatano, 5 Juni

Kasmiri, fundi wa friji, amenipa kompresa ya friji lililokufa. Anasema kompresa ikigeuzwa inavuta badala ya kusukuma. Tumeiunga kwa mpira kwenye tundu la mfuniko, pale panapokaa kile kichuma cha kupiga filimbi. Kasmiri akaniazima na geji yake ya kupimia hewa. Akauliza sufuria ni ya nani. Nikasema ya familia.

Sufuria nimeitoboa matundu mawili ubavuni, ya kupitisha waya. Ndani nimefunga uzi wa balbu ya lori, juu yake nimeningʼiniza kipande cha waya wa alumini, nje nimeunga betri ya gari. Matundu nimeziba kwa gundi ya chuma. Nilipokuwa natoboa, nilimwomba Generoza msamaha kwa sauti. Hayupo, lakini nimeomba.

Jaribio la kwanza, kijiko. Kompresa ikavuta, mshale wa geji ukashuka hadi chini kabisa. Nikagusisha betri. Ndani kukasikika kitu kama mbu. Nikahesabu hadi mia. Nikafungua.

Harufu ya pilau. Kubwa, mpaka watu wa kituo cha bodaboda wakageuka. Kijiko kimepakwa kitu cha kahawia chenye mafuta. Kumbe mpira wa mfuniko umekunywa vitunguu na binzari za miaka saba, na ombwe limevinyonya vyote vikarudi. Limbu akauliza kutoka ng'ambo kama chakula kiko tayari.

Nimeosha sufuria kwa majivu mara nne, nimeianika juani. Ahueni ni moja. Haikulipuka.

Alhamisi, 6 Juni

Imetoka!

Sufuria ilikaa juani tangu asubuhi, imekauka hata harufu haina. Nikaweka kipande cha kioo cha dirisha karibu kabisa na uzi wa balbu. Kompresa nikaiacha ivute kutwa, tangu saa tano hadi saa tisa, inalia kama mgonjwa. Nikagusisha betri. Nikafungua. Katikati ya kioo, doa la fedha, ukubwa wa kifungo cha shati. Nikainama nikaliona jicho langu ndani, jicho zima na nyusi zake.

Nilikimbia hadi shuleni. Mwalimu Felisita alikuwa darasani, akatoka. Alikishika kile kioo akakitazama muda mrefu na akasema hongera, na alimaanisha. Akasema kwa vifaa hivi asingeamini. Halafu akaharibu. Akasema doa limetoka kwa sababu kioo kilikuwa karibu. Bakuli la taa ni pana, mvuke utasafiri mbali, na hewa iliyobaki itaukamata njiani uwe masizi. Nikamwambia hewa haijabaki, mshale wa geji uko chini. Akasema geji ile haioni hewa ndogo iliyobaki, kiwandani huwa na pampu nyingine juu ya pampu. Akanishauri niishie kwenye kioo na bakuli ninunue.

Nimemshukuru. Mwalimu ni mtu mzuri, ila walimu wote wana tabia ya kuogopa mambo makubwa.

Nimemwonyesha Limbu lile doa. Akaangalia. Akasema kwa taa ya kuku linatosha. Sijajali. Nimempigia Generoza, mara ya kwanza baada ya siku tisa. Sikumwambia la sufuria. Nilimwambia tu nyumba imetulia. Akasema sawa. Halafu akasema Precious anauliza baba yuko wapi. Nataka warudi. Naliandika wazi hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesafisha bakuli la mzee. Ili fedha mpya ishike, ya zamani lazima itoke. Nimelilaza kwenye soda ya kutengenezea sabuni. Ilichemka, mapovu, fedha yote ikayeyuka ikaenda zake. Limebaki bati tupu. Hata yale madoa yaliyokuwa yakimsaidia mzee kidogo hayapo tena. Lakini ni safi sana.

Umeme ukakatika saa sita, ukarudi saa kumi na moja. Leo sikufukiza.

Kwa namna fulani nimeona afadhali. Bati likiwa tupu bado lina matumaini.

Jumamosi, 8 Juni

Jeusi.

Bakuli lote, pande zote, jeusi ti. Siyo chafu, jeusi tu, laini kama manyoya ya paka. Ukichungulia ndani huoni kitu. Nimeliwekea balbu nikawasha. Balbu yenyewe inawaka, lakini mwanga unaingia kwenye bakuli na hautoki.

Nikafukiza mara ya pili juu yake, pengine fedha ingekaa juu ya weusi. Weusi umeongezeka.

Saa nane nikavuka barabara. Nilipanga maneno. Nikamsifu Limbu duka lake, mpangilio, hata mwavuli wake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikasema kuna mteja wangu anataka lile bakuli moja lililobaki. Akasema ooh. Akasema lilinunuliwa Jumatano na mtu wa Shishiyu. Akasema, na macho yake yalikuwa yanacheka, kwamba alitaka kuniwekea, ila nilisema mbele ya watu kuwa mimi natengeneza.

Nikarudi. Nikakaa juu ya kompresa, bado ina moto. Kesho wanakuja. Taa imekufa. Nimefikiria kusema nimeugua, nimefikiria kwenda Ipililo kwa shangazi. Nimefikiria hata kupaka bakuli rangi ya fedha ya geti, nikapaka kidogo, rangi haishiki juu ya masizi, inabanduka kama ngozi ya kenge.

Nimeamua nitamkaribisha mzee, nitamlisha ashibe, na habari ya taa nitaisogeza mbele kadiri ya uwezo wangu. Nyumba angalau imetulia. Nimefagia. Kompresa nimeificha chini ya kitanda. Sufuria ya presha nimeirudisha jikoni mahali pake, upande wenye matundu umetazama ukuta. Hakuna atakayejua.

Jumapili, 9 Juni

Niandike kwa utaratibu, mambo ni mengi.

Walifika saa tano. Mzee Ngeleja na pikipiki, taa mbele imezibwa na mfuko wa nailoni. Generoza, Precious na mama mkwe kwa basi. Precious alinirukia shingoni. Generoza alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema nimekonda. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Mama mkwe sikumwona, na ndivyo inavyotakiwa. Kwetu mwanamume haonani uso kwa uso na mama wa mkewe. Hakai naye chumba kimoja, jina lake halitaji, hata hapa silitaji. Yeye alipita uani moja kwa moja hadi jikoni, mimi nikaangalia miembe ya jirani mpaka nikasikia mlango umefungwa. Amekuja kwa sababu, Generoza anasema, hamwamini tena mzee kusafiri na pikipiki ile akiwa peke yake na hasira zake. Safari nzima alikaa basini akiangalia dirishani kama pikipiki bado iko nyuma.

Nikakaa sebuleni na mzee. Mambo yalikwenda vizuri mno. Akatazama kuta, dari, sakafu iliyofagiwa. Akanywa maji. Akauliza juu ya taa. Nikasema iko tayari, baba, lakini tule kwanza. Akakubali. Nikamwona amelegea. Nikawaza, Masalu, umepona.

Ndipo Generoza akapita na ungo. Baba yake akamuuliza chakula gani. Akajibu ni maharage, na mama ndiye anayapika, amewasha jiko la mkaa, amesema atayaharakisha kwa presha.

Kwa presha.

Sufuria yenye matundu mawili. Gundi ambayo kwenye kopo imeandikwa isikae karibu na moto. Nilitazama ukuta wa jikoni. Nikatazama mzee. Nikisema sufuria imetobolewa, miujiza imejulikana, Generoza anaondoka leo. Nikinyamaza, gundi inalegea, mvuke unatoka ubavuni, na aliyeinama juu ya jiko ni mama mkwe. Kwenda mwenyewe siwezi, yumo ndani. Generoza ameshatoka nje na Precious, nikamwita, hakusikia.

Sikufikiria zaidi. Nilisema baba samahani, nikaingia chumbani, nikavuta shuka ya kitanda, nikajifunika kichwa hadi kiunoni, nikatoka uani, nikaingia jikoni kinyumenyume ili hata miguu yetu isitazamane. Nikasema kwa sauti mayu nisamehe, sikuoni, sikuangalii, naondoa kitu cha hatari. Nikapapasa. Jiko likaniunguza nyonga. Nikapata mishikio miwili, nikanyanyua, nikakimbia nje nikakirusha katikati ya uwanja na kulala chini.

Hakikulipuka.

Nikasikia kimya. Halafu nikasikia kuku. Nikafunua shuka. Kuku wa jirani walikuwa wamelizunguka lile sufuria kubwa la kawaida, na maharage yote yametapakaa mchangani, na nusu ya nazi. Sufuria ya presha ilikuwa pale pale jikoni, juu ya meza, haijawekewa kitu. Mama mkwe aliigeuza alipofika tu, akaona matundu, akaiweka pembeni, akabandika ya kawaida. Neno presha aliliongeza Generoza kwa kukisia.

Mzee Ngeleja alikuwa mlangoni. Aliniangalia mimi, shuka, kuku. Hakupandisha sauti. Akamwambia Generoza aingie akakusanye vitu vyake na vya mtoto. Akasema ameona alichokuja kuona. Kisha akanyosha mkono na kudai bakuli la taa, afunge, waondoke.

Nikaenda kulichukua, nikampa. Akalichungulia. Akaligeuza nyuma akalirudisha mbele. Akaingiza kidole kikatoka cheusi. Akaniuliza polepole hii ndiyo teknolojia. Nikamwambia ndiyo, baba. Nikamwambia yote, doa la kifungo, soda, pilau, Limbu. Nikamwambia sikutaka kununua kwa sababu nilitaka nimrudishie kwa mkono wangu mwenyewe kitu chema, ili Generoza arudi.

Akafungua mdomo kujibu. Na kutoka jikoni kikaja kicheko.

Miaka tisa mkwilima, sijawahi kusikia mama mkwe akicheka. Kicheko kirefu, cha kukohoa, cha kupiga meza. Akamwita Generoza ndani. Generoza akakaa humo, akatoka amejiziba mdomo kwa khanga, akasimama katikati yetu kama karani na kuleta maneno.

Mama anauliza, taa hiyo ikifungwa, gizani itaona kitu? Nikajibu Generoza amwambie, haitaona hata kidogo. Generoza akaingia, akatoka. Mama anauliza, inaweza kusafishwa? Nikasema hapana, mwambie mayu imeganda, nimejaribu. Akaingia, akatoka. Mama anasema basi ifungwe hivyo hivyo. Tangu Pasaka amekuwa akisali taa hiyo ife kabisa. Watoto wake watano wamemkataza baba yao kutembea na pikipiki usiku, padri amemkataza, na kila mnada anarudi gizani na yeye anakaa mlangoni akisubiri kuletewa maiti. Mkwilima wake amefanya jambo ambalo wote watano walishindwa. Anayemrudisha Generoza Mwanhuzi leo atapika mwenyewe huko Mwanhuzi.

Generoza akaongeza kitu. Mama amesema pia kwamba mtu aliyejitia shuka kichwani na kuungua nyonga kwa ajili yake, hata kama ni mpumbavu, ni wa kwake.

Mzee Ngeleja akakaa kwenye ngazi. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kusema kweli hata yeye usiku ule alikuwa hamwoni ndama, alikuwa anaendesha kwa kukisia, na moyo ulimwenda mbio mpaka nyumbani. Akasema amechoka na giza lakini hakujua namna ya kuacha bila watu kusema amezeeka. Sasa atasema taa imeharibiwa na mkwilima. Akacheka kidogo. Akanikabidhi bisibisi.

Nilifunga bakuli jeusi kwa mikono yangu. Tulikula ugali na mtindi. Saa tisa juu ya alama wakaondoka, mzee mbele, mama mkwe safari hii nyuma yake kwenye pikipiki, kwa sababu sasa lazima awahi kabla ya jua kuzama na yeye ndiye atakayemhesabia saa. Nilitazama miembe mpaka wamepita.

Generoza amebaki. Precious amelala kwenye mkono wangu, naandika kwa mkono mmoja. Nimeshusha pumzi ambayo naona niliivuta siku ya mayai.

Jumatatu, 10 Juni

Generoza ameikuta kompresa chini ya kitanda. Amesoma pia kurasa hizi, kwa sababu niliziacha mezani. Alicheka kwenye pilau. Kwenye Alhamisi hakucheka, alifunga daftari akanipikia chai.

Kisha akanikalisha. Nimeapa mbele yake na mbele ya Precious kwamba sitagusa tena sufuria yoyote ya nyumba hii, ndogo wala kubwa. Nimeapa kwa moyo wote. Kompresa nimerudisha kwa Kasmiri. Nyumba kimya. Raha iliyoje.

Alhamisi, 13 Juni

Mambo mawili.

La kwanza, simu kutoka Mwanhuzi. Habari imeenea kwa akina mama. Wawili tayari wameuliza kama fundi wa Bariadi anaweza kutia weusi taa za waume zao. Mmoja mume wake ana miaka themanini na pikipiki tatu. Nimekaa kufikiria. Kung'arisha taa kila mtu anang'arisha, Limbu yupo kwa ajili hiyo. Lakini kutia weusi ni mimi peke yangu, na weusi haunikatai, unatoka kila mara. Shida ni udogo wa chombo. Mataa matatu hayaingii kwenye sufuria, na sufuria nimeapa.

La pili, mama mkwe ameleta zawadi kwa basi, badala ya ile presha niliyotoboa. Mtungi mpya wa gesi na jiko lake. Generoza ameushangilia, ameupiga picha, ameufuta vumbi kwa khanga yake mwenyewe. Nami nimeushangilia. Nimeugonga kwa kidole. Chuma chake kinene kuliko nilichowahi kukiona, mviringo safi, hauna binzari ndani, na juu una tundu la kutosha kabisa mpira wa kompresa.

Mtungi siyo sufuria.

Kasmiri anasema kompresa haijapata mnunuzi. Kesho Generoza anakwenda sokoni saa tatu na atakaa huko mpaka saa sita. Gesi iliyomo nitaitoa polepole, nje, kisha nikate kitako kwa msumeno ili mataa yapate kuingia. Namshukuru Mungu kwa utulivu huu. Bila utulivu mtu hawezi kupanga vizuri.